Mwasumini, bogenvilia na haibiskasi: kutunza vichaka vya maua kwenye ardhi ya Mombasa

Katika bustani nyingi za Mombasa, kichaka cha maua hakifi kwa kiu. Hufa kwa sababu mizizi imegonga jiwe la matumbawe futi moja tu chini, au kwa sababu kimenyweshwa maji ya kisima yenye chumvi mwezi baada ya mwezi, au kwa sababu kilimwagiwa mbolea kila kilipoonekana kuchoka. Na kile kinachoishi lakini kinakataa kuchanua, chunguza mambo matatu kabla ya mengine yote: kivuli, mbolea inayoleta majani matupu, na makasi yaliyopita wakati usiofaa au yasiyopita kabisa. Maelezo haya yanahusu zaidi vichaka vitatu vinavyopandwa sana hapa, kisha vichache vingine kwa ufupi.

Ardhi kwanza

Kisiwani, Nyali, Bamburi, Shanzu na sehemu za Likoni zilizo karibu na bahari, chini ya mchanga mwepesi kuna jiwe la matumbawe. Ardhi hii ina chokaa nyingi na haishiki maji wala chakula cha mmea. Ukielekea Changamwe, Mikindani na Miritini mambo hugeuka: udongo ni mzito, hushika maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kabla ya kununua mche wowote, fanya majaribio mawili. Weka kiganja cha udongo mkavu kwenye kisahani, umiminie siki. Ukitoa povu, una chokaa. Kisha chimba shimo la sentimita 40, ulijaze maji, na yakishazama ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakibaki zaidi ya saa nne, mizizi itaoza hapo mvua za masika zikiingia. Mahali kama hapo panda juu ya tuta la sentimita 25 hadi 30.

Chokaa yenyewe haichomi mizizi. Ubaya wake ni kuyafunga madini ya chuma yaliyomo udongoni yasifyonzwe, hata yakiwa mengi. Dalili yake ni moja na ukiijua hutaikosea: majani machanga ya kwenye ncha za matawi hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Majani ya zamani ya chini yakiwa manjano yote, pamoja na mishipa, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Kingo zikikauka na kuwa kahawia kuanzia nchani, hiyo ni chumvi. Majani yakiwa manjano na kudondoka huku udongo umelowa na kunuka, mizizi inaoza. Hali hizi nne zina dawa nne tofauti, na bustani nyingi huharibika kwa sababu zote hutibiwa kwa samadi.

Kwa njano yenye mishipa ya kijani, tafuta chuma cha kelati, yaani chuma kilichofungwa ndani ya kemikali inayokikinga kisikamatwe na chokaa, kwenye duka la pembejeo, na usome pakiti vizuri. Kelati iliyoandikwa EDTA hupoteza nguvu pH ya udongo (kipimo cha tindikali, kinachopanda chokaa ikizidi) ikivuka 6.5 hivi, na udongo wa matumbawe uko juu ya hapo. Unayohitaji ni EDDHA, ambayo huyageuza maji rangi ya damu ya mzee. Koroga gramu 5 hadi 10 kwenye ndoo ya lita 10, umwagie kichaka cha urefu wa mita moja shinani jioni, kisha ongeza maji matupu juu yake. Majani mapya ya kijani huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu. Rudia kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu chokaa haiondoki. Ukiikosa, nyunyizia majani sulfeti ya chuma, gramu 2 kwa lita moja ya maji, jua likishatua. Funika vigae na ukuta kwanza, kwani huacha doa la kutu lisilotoka.

Jambo linalosahaulika: majivu. Jikoni yapo tele na watu wengi huyamwaga kwenye mashina wakiamini ni mbolea. Kwenye udongo wenye tindikali yangefaa. Kwenye matumbawe huongeza tatizo lile lile la chokaa. Vivyo hivyo usipande kichaka kikiwa kimebanana na ukuta mpya. Mabaki ya saruji hukaa udongoni miaka. Acha nafasi ya sentimita 60 au zaidi.

Anayekata tamaa na ardhi hii aende Bamburi akatazame Haller Park. Palikuwa machimbo ya matumbawe, jiwe tupu. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje humo, majongoo wakazila sindano zake zilizodondoka na kuzigeuza mboji, na juu ya mboji hiyo miti mingine ikaweza kumea. Bustani ya nyumbani inahitaji kazi hiyo hiyo kwa kipimo kidogo, nayo hairuki mwaka.

Shimo na mchanganyiko

Chimba sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Ukigonga mwamba, tumia mtaimbo mpaka uone nyufa ambazo maji yanaweza kupita. Bakuli la jiwe lisilo na tundu ni kaburi la mche. Mwamba ukikataa kabisa, jenga kitanda cha mawe cha nusu mita juu ya ardhi.

Kujaza: kwa kila karai mbili za udongo mwekundu, weka karai moja ya samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza kwa miezi mitatu au zaidi, na karai moja ya mboji. Shimo la kipimo hiki hula karai kumi na zaidi, kwa hiyo andaa vya kutosha. Samadi mbichi huchoma mizizi. Ukiisogeza puani na bado inanuka mkojo, haijaiva. Kwenye udongo mzito wa Changamwe, badili karai moja ya udongo mwekundu kwa mchanga wa mto. Mchanga wa pwani usitumie hata kidogo: una chumvi na vipande vya kombe, ambavyo ni chokaa. Makumbi ya nazi yaliyopondwa hufaa badala ya mboji, ila yaroweke siku mbili kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na uyamwage mara mbili kabla ya kuyatumia.

Miche ya kitaluni huwa kwenye mifuko myeusi ya plastiki, na mara nyingi imekaa humo muda mrefu mno. Tazama chini ya mfuko: mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, ikate wima sehemu tatu kwa kisu kikali kabla ya kupanda (isipokuwa bogenvilia, kama tutakavyoona). Udongo wa juu wa mche uwe sawasawa na udongo wa bustani. Shina likizikwa hata kwa sentimita tano, huoza.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua: Aprili, au Oktoba kwa mvua za vuli. Mche uliopandwa Januari unaweza kuishi, lakini utakugharimu mitungi ya maji ambayo si lazima kuinunua.

Tandaza juu sentimita 7 za majani makavu, sindano za mivinje, au maganda ya madafu yaliyokatwakatwa kwa panga. Wauza madafu huyatupa, na kwa kazi hii hayana mfano. Acha duara tupu la sentimita 10 kuzunguka shina, la sivyo mchwa watapanda kupitia humo.

Maji, na chumvi iliyomo

Nyumba nyingi za Mombasa hutegemea kisima siku ambazo mfereji umekauka, na maji ya visima vingi yana chumvi. Yaonje. Ukihisi chumvi ulimini, mwasumini na haibiskasi zitaihisi mapema zaidi. Hiyo haina maana kwamba hayafai kabisa, bali yana kanuni zake.

Kwanza, mwagia kwa wingi na kwa nafasi. Kikombe kimoja kila jioni hukauka juu juu, na kila kikikauka huacha chumvi yake pale pale penye mizizi midogo. Lita 10 kwa mkupuo mmoja huisukuma chumvi chini. Pili, kila umwagiliaji wa nne uwe wa maji baridi ya mfereji au ya mvua, na kiasi mara mbili ya kawaida, ili kuosha. Tatu, maji ya chumvi yasiguse majani.

Kuna chanzo kizuri ambacho watu huacha kitiririke barabarani: maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hauna chumvi wala chokaa, na kwa unyevu wa Mombasa kiyoyozi kimoja hujaza ndoo haraka. Weka mtungi chini ya bomba lake. Maji hayo yape vile vinavyochukia chokaa zaidi, gadenia na iksora, kisha haibiskasi ya kwenye chungu.

Vipimo vya Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi na jua kali, kwa kichaka cha mita moja kilichokwisha kushika ardhini: mwasumini lita 10 mara mbili kwa wiki, haibiskasi lita 10 kila siku ya tatu, bogenvilia lita 20 kila baada ya siku 10 hadi 14. Mche mpya wowote, lita 5 kila siku ya pili kwa wiki sita za kwanza. Masika usimwagilie kitu ila ikipita wiki nzima bila mvua. Wakati bora ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Ukiwa na shaka, sukuma kijiti sentimita 10 udongoni: kikitoka na tope, subiri.

Waliopakana na ufuo wana kazi ya ziada. Upepo wa kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba, hurusha chumvi ya mawimbi juu ya majani. Baada ya siku ya upepo mkali bila mvua, osha majani kwa maji baridi asubuhi inayofuata.

Mwasumini

Huu ndio mti wa maua wa nyumba za Waswahili na unastahili muda wako kuliko yote. Kuna aina yenye petali za safu moja au mbili, na kuna ile iliyojazana kama kijiwaridi. Ya pili hunukia vizuri sana, lakini hukua polepole na kutoa maua machache. Kwa kutungia vikuba, chukua ya kwanza.

Jua liupige saa sita kwa siku. Ukiwa chini ya mwembe, mwasumini hurefuka, hutoa majani mazuri ya kijani, na hautoi tumba. Hakuna mbolea itakayobadilisha hilo; uhamishe.

Tumba hutoka kwenye ncha za chipukizi mpya. Tawi lililokwisha kuchanua halina kazi tena mpaka lichipue pembeni, na halitachipua vizuri usipolikata. Kwa hiyo kuna ukataji wa aina mbili. Ule mdogo ni wa kila baada ya msimu mfupi wa maua: kata kila ncha iliyomaliza, sentimita 10 hadi 15, ukiacha vifundo viwili au zaidi vyenye majani kwenye chipukizi hilo. Ule mkubwa ni mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Septemba, ubaridi wa kusi ukiisha na mvua za vuli hazijaanza.

Kwa ukataji mkubwa, punguza maji kwa wiki mbili kabla, majani yaanze kulegea kidogo. Futa makasi kwa spiriti. Ondoa matawi makavu yote, kisha yale yanayosuguana. Katika mashina mazee yenye gome la kijivu, ondoa moja katika kila matatu kwa kulikata usawa wa ardhi. Yaliyobaki yashushe mpaka urefu wa magoti, sentimita 45 hadi 50, kila mkato uwe nusu sentimita juu ya kifundo. Pukutisha majani yaliyosalia. Mti utaonekana kama umeuawa, na hapa ndipo wengi huogopa na kuacha kazi nusu. Weka nusu karai ya mboji, na kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), gramu 15 hivi, kwenye duara lililo sentimita 20 kutoka shinani. Mwagia lita 20. Chipukizi huanza kutoka ndani ya wiki mbili, na tumba za kwanza huja kati ya wiki ya sita na ya nane.

Hesabu hiyo ya wiki nane inafaa kukumbukwa na mwenye harusi nyumbani. Sherehe ikiwa Shaabani, kabla ya Ramadhani, kata mwanzoni mwa Jumadal Akhira. Kama una miti kadhaa, kata mmoja wiki nane kabla ya sherehe, mwingine wiki saba, mwingine sita, usiweke tegemeo lote kwenye mmoja. Ila hesabu hii ni ya miezi ya joto. Julai na Agosti mwasumini hupunguza mwendo, na katikati ya masika mikato hupata kuvu na tumba hugeuka kahawia kabla ya kufunguka.

Kuchuma kuna saa yake. Asumini hufunguka usiku, basi chuma alasiri, kuanzia saa tisa mpaka magharibi, tumba zilizojaa na kuwa nyeupe kabisa lakini bado zimefumba. Yenye rangi ya kijani kidogo haitafunguka ikishachumwa. Ziweke kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu au jani la mgomba. Mfuko wa plastiki uliofungwa huzipika. Mti unaochumwa kila siku huendelea kuzaa kwa muda mrefu zaidi kuliko ulioachwa maua yake yanyaukie juu.

Kuuzidisha, njia yenye uhakika ni kulaza tawi. Mwanzo wa mvua chagua tawi la chini linalopinda bila kuvunjika. Kwangua gome upande wa chini, urefu wa sentimita 3, karibu na kifundo. Lifukie hapo kwa kina cha sentimita 5 hadi 7, ncha ibaki nje, na uweke jiwe juu lisiinuke. Udongo usikauke. Baada ya wiki nane livute taratibu. Likikataa kuja, lina mizizi. Likate kutoka kwa mama, liache pale pale wiki mbili nyingine, ndipo ulihamishe.

Bogenvilia

Rangi unayoiona ni majani yaliyobadilika, matatu matatu. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Mmea huu wa Amerika Kusini umeipenda pwani hii, na kosa la kawaida ni kuutunza kupita kiasi. Ukiupa maji kila siku na samadi kila mwezi utapata fimbo za kijani za mita tatu na miiba yake.

Ukate sana mara moja, mwezi wa Juni mvua zikipungua. Vaa glavu za ngozi na mikono mirefu. Yale machipukizi manene yanayopaa wima bila kutoa matawi yakate mpaka nusu au zaidi. Mengine yapunguze theluthi. Kisha kila rangi ikififia, punguza ncha sentimita 20. Chipukizi mpya zikishakomaa na kuwa ngumu, acha kumwagilia mpaka majani yalegee saa sita mchana, ndipo umwagie lita 20. Rudia mara mbili au tatu. Ukavu huo ndio unaoamsha maua, na ndiyo sababu bogenvilia hupendeza zaidi Januari na Februari, bustani nyingine ikihangaika. Matawi ya ukutani yalaze yawe karibu na usawa na uyafunge kwa kamba laini: tawi lililolala hutoa vijitawi vingi, na kila kijitawi hubeba rangi.

Onyo moja la kupanda: mizizi yake ni myembamba na hukatika kwa urahisi. Usiikung'ute wala kuikata. Pasua mfuko pembeni, uushushe mche na udongo wake wote, kisha utoe plastiki ukiwa tayari shimoni.

Haibiskasi

Kila ua la haibiskasi huishi siku moja, aghalabu, kwa hiyo uzuri wa kichaka unategemea wingi wa tumba zinazofuatana. Lalamiko linalosikika zaidi ni tumba kudondoka kabla ya kufunguka. Chuma moja, ipasue juu ya karatasi nyeupe na uigonge. Vikitoka vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi vinavyotembea, hao ni vithiripi: chuma tumba zote zilizoharibika, zitie kwenye mfuko na uzitupe, usiziache chini, kisha nyunyizia mwarobaini kama ilivyoelezwa hapa chini. Kama hakuna kitu, tatizo ni maji. Haibiskasi iliyokauka siku nne kisha ikafurikishwa hudondosha tumba zote. Ndiyo inayohitaji ratiba kuliko vichaka vyote vilivyotajwa hapa, na kati ya vile vitatu vikuu ndiyo inayoonyesha njano ya chuma mapema zaidi.

Usiikate yote kwa siku moja, utakaa miezi miwili au zaidi bila ua. Gawa matawi mafungu matatu: kata fungu la kwanza Septemba, la pili Oktoba, la tatu Novemba, kila tawi lipungue theluthi moja, juu ya kifundo kinachotazama nje. Mbolea, kijiko kimoja cha chai cha NPK kila wiki ya nne, kwenye udongo uliolowa, hutosha. Mbolea juu ya udongo mkavu huunguza mizizi.

Wadudu

Majani yakifunikwa na weusi kama masizi ya sufuria, usihangaike na huo weusi. Geuza majani ya juu yake. Utakuta vidukari, inzi weupe, au wale wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba, wakifyonza na kumwaga utomvu mtamu ambao kuvu huota juu yake. Na ukiona maji moto au sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, wanawalinda wadudu hao ili wale utamu wao. Usipowazuia chungu, dawa yako ya wiki hii itakuwa bure wiki ijayo. Zungushia shina ukanda wa karatasi ngumu uliopakwa mafuta mazito ya jeli, na ukate tawi lolote linalogusa ukuta.

Dawa ya kwanza ni maji ya kasi chini ya majani, siku tatu mfululizo asubuhi. Ya pili, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Ya tatu ni mwarobaini, ambao pwani unapatikana bila taabu: twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa, ongeza matone ya sabuni, nyunyizia juu na chini ya majani. Fanya hivyo jua likishatua, kwa sababu mbili: mwanga huidhoofisha, na nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Rudia kila siku ya saba, mara tatu, kwani mayai hayafi.

Mvua za masika huleta konokono wakubwa. Hutoka usiku na kukwangua gome la miche michanga. Waokote kwa tochi saa tatu usiku, ukiwa na glavu. Chumvi usimwage, kwa sababu ambayo sasa unaijua.

Vingine kwa ufupi

Mhina ni mvumilivu wa ukame na hufaa kwa uzio. Ukiukata mara kwa mara kwa ajili ya majani ya hina hautachanua, basi acha mmoja pembeni ukue huru kwa ajili ya maua yake yenye harufu. Alamanda ya manjano hutaka maji kama haibiskasi na hukatwa wakati wowote. Iksora na gadenia zipande kwenye vyungu, kwenye matumbawe zitakuwa manjano daima. Waridi wa kitaluni hushambuliwa na doa jeusi kwenye unyevu wa Mombasa. Upe upepo wa kutosha na usilowanishe majani.

Oliyanda huvumilia chumvi ya bahari na ukame, na mbuzi wa mtaani hawaigusi, kwa sababu kila sehemu yake ni sumu: jani, ua, utomvu, hata moshi wa kuni zake. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo isipandwe. Penye hiyo tayari, nawa mikono baada ya kukata, na matawi usiyachome wala kuyarundika wanapopita mifugo.

Vyunguni, kwenye roshani

Chungu kiwe na upana wa sentimita 40 au zaidi, chenye matundu matatu chini. Januari na Februari kitahitaji maji kila asubuhi, mpaka yatokee chini. Mara moja kwa mwezi mimina maji baridi mara tatu ya ujazo wa kawaida ili kuosha chumvi ya mbolea. Ukoko mweupe kwenye ukingo ndio dalili kwamba umechelewa. Kila mwaka wa pili toa mmea, punguza mizizi ya nje sentimita 3 pande zote, rudisha na udongo mpya. Bogenvilia tu ndiyo hupenda kubanwa. Iache mpaka mizizi ichungulie chini.

Sahani ya chini imwage maji nusu saa baada ya kumwagilia, na uisugue kwa brashi kila wiki. Mbu anayeeneza homa ya dengi, ambayo imezuka Mombasa zaidi ya mara moja, hutaga kwenye maji machache safi kama hayo, na mayai yake hung'ang'ania ukingo mkavu mpaka maji yarudi.